Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walinena, "Mcheza kwao hutunzwa." Maneno haya twayatumia kila siku, wala hatuyapimi. Neno kutunza lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kumpa mchezaji au mwimbaji zawadi mbele ya watu, kama afanyavyo mtu katika harusi ainukapo kitini na kutia fedha mkononi mwa mwimbaji, au kuibandika juu ya paji la uso wake. Maana ya pili ni kuhifadhi kitu kisiharibike: twatunza mbegu, twatunza nyumba, twatunza wazee. Basi wahenga waliposema kwamba mcheza kwao hutunzwa, je, walitaka apewe zawadi siku ya ngoma tu, au walitaka pia ahifadhiwe siku ile ambayo miguu yake haiwezi kucheza tena? Hilo ndilo swali tunalotaka kulitazama pamoja na wasomaji wetu.

Swali hili huzuka kila mara wapiga muziki wanapokusanyika kutoa albamu ya hisani, yaani mkusanyo wa nyimbo ambao faida yake haiingii mifukoni mwa waimbaji, bali huenda kuwasaidia wenzao au kuuhifadhi muziki wao. Watu husikia habari hiyo, nao husifu wakisema, "Tazama watu wenye huruma!" Sifa hizo ni njema, lakini zaficha jambo moja. Kumwita mtu mwenye huruma ni kusema kwamba angaliweza kuacha, wala asingalaumiwa. Sisi twaona sivyo. Twaona kwamba anayewatunza wapiga muziki wazee hatoi sadaka. Analipa deni, na mara nyingi deni lenyewe limekwisha kuchelewa. Tofauti ya maneno haya mawili si ndogo, nasi tutajaribu kuionyesha.

Kwanza yatupasa kujua muziki tunaousema. Jazz ilizaliwa katika mji wa New Orleans, huko Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, miongoni mwa watu weusi, ambao wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa watumwa. Watu hao walikuwa maskini, nao wakaunda vyama vya kusaidiana. Kila mwanachama alitoa mchango wake. Akiugua alisaidiwa, akifa alizikwa kwa heshima. Na katika heshima hiyo ilikuwamo bendi ya matarumbeta: kwenda makaburini ilipiga polepole kwa huzuni, na kurudi ilipiga kwa furaha. Msomaji wa Babati aliye katika chama cha kuzikana hahitaji kufafanuliwa sana jambo hilo. Muziki huo tangu utoto wake ulilelewa kwa mchango.

Na huku kwetu mambo hayakuwa mbali na hayo. Kabla ya bendi za magitaa palikuwapo ngoma ya beni, iliyoanza katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea hata bara. Vyama vya beni havikuwa vya kucheza tu. Wanachama wake walisaidiana katika ugonjwa na msiba, hasa wale waliokuwa wageni mjini, wasio na ndugu wa kuwazika. Baadaye vijana wa mijini wakaunda bendi, wakaziita jazz. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Kisha Tabora na Tanga na miji mingine ikafuata. Hawakupiga muziki ule ule wa New Orleans. Walipiga rumba na dansi kwa magitaa na tarumbeta, wakaimba kwa Kiswahili. Lakini jina la jazz waliliona zuri, nalo likakaa. Kwa hiyo mtu wa Tanzania akisema jazz ya zamani, husema habari za bendi hizo.

Sasa tutatoa mifano miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa karibu. Huko New Orleans, ilipofika miaka ya 1950, vijana waligeukia muziki mwingine, na wazee waliopiga jazz ya kwanza wakakosa kazi. Mwaka 1961 ikafunguliwa nyumba ndogo iitwayo Preservation Hall, ambayo maana yake ni ukumbi wa kuhifadhi, wakaiongoza Allan Jaffe na mkewe Sandra, ili wazee hao wapate mahali pa kupiga. Mwaka 2005, mwezi wa Agosti, tufani iitwayo Katrina ikaupiga mji ule; kuta za kuzuia maji zikabomoka, na sehemu nne katika tano za mji zikafunikwa na maji. Wapiga muziki wengi walipoteza nyumba na vyombo vyao, wakatawanyika. Ndipo mwaka 2010 ikatoka albamu ya hisani kwa ajili ya ukumbi ule na kazi yake ya kuwafundisha watoto muziki. Waimbaji wengi mashuhuri walikuja, kama Tom Waits, na Pete Seeger aliyezaliwa mwaka 1919, na Angélique Kidjo, binti wa Benin katika Afrika yetu. Tena tuangalie namna walivyofanya: wageni waliimba, na bendi yenyewe ya ukumbi ule ndiyo iliyowapigia.

Mfano wa karibu ni wa Dar es Salaam. Mwaka 1993 wapiga muziki wazee wa bendi za zamani walikusanyika wakaunda bendi moja, kwa msaada wa HelpAge, shirika linaloshughulika na mambo ya wazee. Miongoni mwao alikuwamo Salum Zahoro, aliyejulikana tangu zamani katika bendi ya Kiko Kids ya Tabora. Bi Kidude wa Unguja, mwimbaji mashuhuri wa taarabu aliyefariki mwaka 2013, naye aliimba pamoja nao. Mwaka 1995 ikatoka albamu yao iitwayo Chela Chela. Na bendi hiyo waliipa jina gani? Waliiita Shikamoo Jazz. Jina hilo lina hekima. Hatumwamkii mzee shikamoo kwa kumwonea huruma. Twamwamkia hivyo kwa sababu ni haki yake. Asiyeamkia hasemwi kuwa amekosa ukarimu, husemwa kuwa amekosa adabu. Basi neno lenyewe lililowekwa mbele ya bendi lilikuwa limekwisha kujibu swali letu: hii si sadaka, ni wajibu.

Yamkini msomaji atauliza, "Deni lilitoka wapi? Mimi sikukopa kitu kwa mpiga gitaa." Twajibu hivi. Mkulima akikuuzia gunia la mahindi, ghala lake hupungua na lako huongezeka. Hata mtoto mdogo aona kwamba kitu kimehama, na kwamba sharti kilipwe. Lakini wimbo si kama mahindi. Wimbo huliwa na watu elfu wala haupungui. Sauti ya Salum Abdallah wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1965, na ya Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefariki mwaka 1979, zingali zasikika redioni na katika simu za watu. Kwa kuwa hatuoni kitu kilichopungua, twadhani hatukuchukua kitu. Hapo ndipo deni la muziki linapojificha. Hakuna mtu aliyeazimia kuwadhulumu wazee hao; kila mmoja alisikiliza kidogo, akafurahi kidogo, akaenda zake. Dhuluma ikakua bila mwenye kuitenda, kama mfereji unaokauka kwa sababu kila mtu aliteka ndoo moja wala hakuna aliyeuzibua.

Tena zitazameni hali za kazi yao. Bendi nyingi za Tanzania zilikuwa mali ya vyama, au idara, au wenye vilabu. NUTA Jazz, kwa mfano, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, si vya mpigaji. Mkulima akizeeka jembe lake lakaa nyumbani kwake. Mpigaji alipozeeka aliliacha gitaa mlangoni, akatoka mikono mitupu. Na sahani za santuri za bendi hizo nyingi zilichapwa Nairobi, mbali na macho ya watunzi, ambao hawakuwa na njia ya kuhesabu ngapi zimeuzwa. Serikali yenyewe imekiri kwamba kuna haki hapa, maana sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yasema kwamba mwenye kutunga astahili malipo kazi yake inapotumiwa. Lakini sheria hiyo ilikuja wakati nyimbo nyingi za bendi za kwanza zilikuwa zimekwisha kuimbwa miaka thelathini na zaidi, na wengi wa wenyewe wamekwisha kuzikwa.

Hata hivyo yako mapingamizi, nasi hatutaki kuyapita kimya. La kwanza ni hili: "Walilipwa mlangoni, na fedha wakazitapanya. Kwa nini walipwe tena?" Ni kweli kwamba mtu alilipa kiingilio, akacheza usiku ule. Lakini alilipia usiku ule tu. Mapigo na maneno aliyoyachukua kichwani, akayaimba shambani miaka arobaini, hayo hakuyalipia. Na kuhusu kutapanya, tusiwe wepesi kuhukumu. Mwajiri akitaka kukata mshahara wa mwashi kwa sababu mwashi si mwekevu, sote tutamwambia, "Mlipe kwanza, kisha mwonye." Deni halifutwi na tabia ya mwenye kudai.

La pili lasemwa na ndugu zetu waaminifu: "Muziki ule ulipigwa penye pombe. Yafaaje Mkristo kuutunza?" Twawaheshimu wenye kusema hivyo, maana wameona nyumba nyingi zilizoharibiwa na ulevi. Lakini yafaa kutenganisha ulevi na ufundi. Bendi hizo hazikuimba pombe tu. Ziliimba habari za wazazi na ndoa, kilimo na safari, umaskini na mauti, na watu wengi walijifunza Kiswahili kizuri kutoka kwao. Tena liko jambo ambalo husahauliwa. Gitaa lisikikalo leo katika kwaya zetu nyingi, lile lipigwalo kwa nyuzi nyembamba zikijibizana na nyuzi nene, lilijifunza kutembea katika bendi za dansi. Kama tumeupokea ufundi huo ndani ya kanisa, twawezaje kumkana fundi nje ya mlango?

La tatu ni zito kupita yote: "Muziki hubadilika. Vijana wana muziki wao. Je, twaweza kumlazimisha mtu kupenda asichopenda?" Hapa twakubali nusu. Hakuna deni la kupenda. Kijana asiyeipenda rumba ya mwaka 1960 hatendi kosa, kama vile babu yake hakutenda kosa alipoacha ngoma ya baba yake akaifuata rumba. Muziki usio na mtu wa kuupenda utakufa, wala albamu elfu hazitauzuia. Lakini deni tunalolisema si la kupenda, ni la namna mbili tu: kumpa mzee ujira wa kazi yake, na kumpa kijana nafasi ya kujua kabla hajachagua. Aliyeonja chakula akakikataa amechagua. Aliyenyimwa hata kukionja hakuchagua kitu.

Basi, ikiwa hili ni deni, laweza kulipwa vizuri au vibaya. Hata albamu ya hisani yaweza kuwa njia mbaya. Twapenda kuwapa wasomaji maswali matatu ya kupimia. Swali la kwanza: Je, wazee wenyewe walipiga? Kuna watu mashuhuri wanaoimba kwa ajili ya wazee, nao wazee wamekaa nje kama mzigo wa kuchangiwa. Huko New Orleans bendi ya ukumbi ilikuwa ndani ya kazi, na Shikamoo Jazz ilikuwa ya wazee wenyewe. Mtu anayepewa kazi huinua uso. Mtu anayepewa fedha bila kazi, hali mikono yake ingali na nguvu, hujifunza kuinama. Swali la pili: Je, hesabu ilisomwa mbele ya watu? Kila mwanachama wa chama cha kuzikana ajua kwamba mchango usiosomwa hesabu huzaa manung'uniko kabla ya kuzaa matunda. Swali la tatu: Je, kuna kijana aliyejifunza? Sahani huhifadhi sauti, lakini haifundishi vidole. Ufundi hukaa katika mkono, na mkono hufundishwa na mkono mwingine. Kama wazee wamelipwa, na nyimbo zimehifadhiwa, lakini hakuna mwanafunzi, basi tumelipa ujira wa jana tukaiacha njaa ya kesho.

Maneno haya yatuhusuje sisi wa Babati? Mji wetu si Dar es Salaam wala Morogoro. Lakini ni njia panda. Barabara ya kutoka Arusha hufika hapa, nyingine ikaenda Dodoma na nyingine Singida. Na watu wamekuja na nyimbo zao kama walivyokuja na mbegu zao. Wagorowa, Wairaqw, Wadatoga, Warangi, na wageni wa makabila mengi wanaishi kati ya ziwa na mlima wa Kwaraa. Wairaqw wana slufay, maneno ya baraka na maombezi yasemwayo na mzee kwa lugha ya kishairi, watu wakimwitikia pamoja. Hiyo si jazz, lakini hatari yake ni ile ile: mzee ayajuaye maneno hayo ni mmoja, na vijana wanaoyajua ni wachache. Kadhalika wako vijijini wazee ambao vidole vyao vingali vinalijua gitaa, lakini gitaa hawana.

Wala tusiseme kwamba sisi hatujui kazi ya albamu ya hisani. Twaijua kupita watu wengi. Ni kwaya ngapi zimetoa kanda na video, zikauza mlangoni baada ya ibada, ili kupata mabati au kununua vinanda? Watu walinunua hata wasio na chombo cha kusikilizia, kwa kuwa walijua fedha yaenda wapi. Njia ni ile ile. Lililobaki ni kuielekeza upande mwingine mara moja. Kwaya moja na wazee wawili watatu wa gitaa, au mzee mmoja wa slufay, wakae pamoja, waimbe kwa zamu, hesabu isomwe, na sehemu ya faida inunue gitaa moja ambalo halitakuwa mali ya mwenye kilabu wala ya chama, bali la mzee mwenyewe, kwa sharti kwamba amfundishe kijana mmoja.

Na kabla ya albamu liko jambo dogo lisilohitaji kamati. Katika harusi zetu siku hizi twamlipa mwenye vipaza sauti fedha nyingi, naye hupiga nyimbo za watu wasiokuwapo. Si vibaya. Lakini tumwite mzee apige saa moja, na tupatane naye ujira kabla ya siku, kama tunavyopatana na mpishi na mwenye gari, wala tusimwambie kwamba atakula pilau ndiyo malipo yake. Kisha atakapopiga, tuinuke tukamtunze mbele ya watu. Ujira ni haki yake, na tunzo ni heshima yake. Kimoja hakiondoi kingine.

Twarudi basi kwenye mithali yetu. Wahenga hawakusema kwamba mcheza kwao huhurumiwa. Walisema hutunzwa, wakaliacha neno na maana zake zote mbili, nasi twadhani ni kwa makusudi. Zawadi isiyohifadhi ni kelele ya usiku mmoja. Na hifadhi isiyo na heshima ni ghala la vitu vya kale, ambamo mzee huwekwa kama mtungi uliopasuka. Tena yamo katika mithali maneno mengine tusiyoyaangalia: mcheza kwao. Shirika lilitoka nje likawasaidia wazee wa Dar es Salaam, nasi twashukuru. Lakini mithali haisemi kwamba mcheza kwao hutunzwa na wageni. Yatupasa tuulizane, ndugu wasomaji, kila mtu katika kijiji chake: ni mzee gani hapa aliyetuchezea, na ni nani kati yetu aliyekwisha kumlipa?